Kiti cha Mungu Mtoto

Kamthon alikuwa fundi viyoyozi, tena fundi mzuri, lakini mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa ajili ya viyoyozi peke yake. Unampigia simu kwamba mashine yako inadondosha maji kitandani, anakuja na ngazi yake, anapanda, anafungua mfuniko. Wewe umesimama chini unamshikia ngazi, na hapo hapo unamweleza kwamba binti yako kaposwa na mtu wa Rayong, sasa Bwana Mdogo, mungu wetu, anasemaje. Yeye anajibu kutoka huko juu, "Bwana Mdogo hayupo, mama. Nipo mimi na koleo langu." Unacheka, halafu unauliza tena.

Bwana Mdogo ndivyo tunavyomwita mungu wa hekalu letu, mungu mtoto, na Kamthon ndiye alikuwa kiti chake, yaani mwili anaoupanda akitaka kusema na watu. Alipandwa mara ya kwanza akiwa bado mwanafunzi, siku ya maandamano ya sikukuu, alipokuja tu kumletea bibi yake mwavuli. Akaanguka mbele ya mlango wa hekalu, akatapika maji, akainuka akiongea kwa sauti ya mtoto mdogo na kudai peremende. Wazee walilia kwa furaha. Kiti cha zamani kilikuwa kimeshafariki na hekalu lilikuwa limekaa muda mrefu bila mtu wa kusema naye. Hakuna aliyemuuliza Kamthon kama anataka. Katika mambo hayo mtu haulizwi.

Basi akakaa hivyo miaka yote. Siku za mungu zikifika alivalishwa kitambaa chekundu cha kifuani, kama cha mtoto anayetoka udenda, akapewa chuchu ya mpira, akakalishwa mbele ya madhabahu. Watu wazima wenye maboti na maduka wakampigia magoti wakiuliza wamuuzie nani kiwanja na wamfukuze nani kazi. Nywele zake zikaanza kuingia mvi, tumbo likamtoka, na kitambaa kikawa hakifungi vizuri shingoni. Mke wake alivumilia kadiri alivyoweza. Siku alipofunga virago kurudi kwao Khon Kaen na binti yao, alipita kwangu kuniaga. Mimi nauza vitumbua pale pembeni ya hekalu. Akaniambia, "Dada Nuan, mimi niliolewa na mtu, nikajikuta nalea mungu."

Baada ya hapo Kamthon aliomba kuacha. Alikwenda kwa Khuang, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, mzee mwenye duka la vyuma, akamwambia amechoka. Khuang akamsikiliza vizuri, akammiminia chai.

"Sikukatalii," akasema. "Ila aliyekuajiri si mimi. Mwombe aliyekuajiri."

Ndipo Kamthon alipoona amefungwa wapi. Aliyemwajiri husema kwa kinywa cha Kamthon mwenyewe, na mungu akishaondoka Kamthon hakumbuki hata neno. Mungu akisema "Nimemwachilia," watu watauliza ni nani hasa aliyesema. Asiposema, basi hajaachiliwa. Alitoka pale, chai hajaimaliza, akaenda kufunga kiyoyozi cha mtu.

Mwaka huo binti yake, Mintra, alikuja likizo kutoka chuoni Khon Kaen. Alikuwa msichana mwenye maneno, kama mama yake. Alimkuta baba yake amekonda usoni na amejifungia ndani mchana, kazima simu. Hekalu lilikuwa limepanga safari ya basi kwenda kuhiji hekalu la pwani ya kusini, na Kamthon alikuwa amekataa kwenda kwa kisingizio cha kazi mji wa Bang Saen.

"Sasa utakaa humu kama panya?" Mintra akamwambia. "Twende mahali ambapo miungu yote imewekwa kwenye kioo na hakuna anayeiomba kitu."

Akampeleka kwenye makumbusho ya sanaa ya Kichina na Kithai, lile jengo la ghorofa lenye mapaa ya vigae vya rangi kule chini ya mlima. Kamthon alikuwa amelipita maisha yake yote bila kuingia. Haya ya mwanzo alinisimulia Mintra mwenyewe.

Walivua viatu mlangoni, wakatembea peku kwenye sakafu baridi. Walitazama mavazi ya michezo ya jukwaani, mabirika ya chai madogo kama ngumi ya mtoto, vinyago vya majitu ya Kithai vyenye meno nje. Mintra anasema baba yake alikuwa anasoma kila kibao, taratibu, kama mtu anayesoma gazeti la nchi nyingine. Kwenye chumba kimoja alisimama chini ya kiyoyozi, akasikiliza, akasema, "Hiki kitakufa kabla ya mwezi kuisha." Mintra akacheka. Alikuwa hajamsikia akitania siku nyingi.

Ghorofa ya tatu ndiyo ya miungu ya Kitao, dini ya kale ya Wachina. Wamepangwa ukutani, wa shaba na wa mbao, kila mmoja na taa yake na kibao cha USIGUSE. Hakuna chungu cha ubani, hakuna machungwa, hakuna mishumaa. Sanamu hizo hazijafunguliwa macho na kuhani yeyote ili mungu aingie ndani yake. Ni kazi za mikono tu, kama hayo mabirika. Mwishoni kabisa, karibu na dirisha, alikuwapo Bwana Mdogo, wa shaba, amesimama juu ya magurudumu yake mawili, mkuki mkononi.

Kamthon alisimama mbele yake muda mrefu.

"Mrefu kuliko nilivyodhani," akasema.

"Baba, ina maana hujawahi kumwona? Si yupo pale hekaluni?"

"Yule wa hekaluni kafunikwa nguo na moshi. Halafu mimi ni kiti, mwanangu. Kiti kinamwona lini aliyekikalia?"

Mintra akamuuliza kama anamchukia. Kamthon akafikiri. Akasema hapana, hamchukii, ila angependa siku moja amkute mahali, wakae wawili, waongee. "Kila mtu mtaani kaongea naye," akasema, "isipokuwa mimi."

Wakakaa kwenye benchi la mbao mbele ya ile sanamu. Nje mvua ilikuwa inaanza. Mintra anasema hapo baba yake alinyoosha miguu, akafumba macho, na uso wake ukalegea. Akatamani wasiondoke.

Mvua hiyo ndiyo iliyotuleta sisi.

Basi letu lilikuwa limeshafika nje ya mji. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha katikati, na si kwa kupenda kwangu. Kushoto kwangu alikaa Orathai, mke wa Prasoet muuza supu ya samaki. Kulia kwangu alikaa Kesorn, dada mkubwa wa Prasoet, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wawili hao walikuwa hawasemeshani. Prasoet alikuwa amepigwa na kiharusi, yuko hospitali, anapumua kwa mashine, na madaktari walikuwa wameshawaita na kuwaambia waamue. Orathai alitaka mashine izimwe, mumewe apumzike. Kesorn alitaka wasubiri. Kitu kimoja tu walichokubaliana ni kwamba Bwana Mdogo ndiye atakayesema.

"Hata lile shati alilokuja nalo hospitali lilikuwa halijapigwa pasi," Kesorn akaniambia, kwa sauti ya kufika upande wa pili.

"Mwambie wifi yangu kwamba mtu akianguka jikoni habadilishwi shati kwanza," Orathai akaniambia na yeye.

Niliomba basi lifike haraka. Badala yake barabara ya kusini ikajaa maji, dereva akasema hapiti, na Khuang, aliyekaa mbele na kipaza sauti, akatutangazia kwamba tutaingia makumbusho mpaka mvua ipungue. Tukashuka na mifuko ya plastiki vichwani, tukarundika viatu mlangoni, tukapanda ngazi kwa kelele kama darasa la watoto. Umeme ulikuwa umekatika kidogo na lifti imesimama. Ngazi ilikuwa moja, na sisi tuliijaza.

Kamthon alitusikia kabla hajatuona. Mintra anasema alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, akasimama, akaelekea lifti, akabonyeza kitufe mara nyingi. Akageukia ngazi, na pale juu ya ngazi uso wa kwanza kutokea ukawa wa Kesorn.

"Kumbe uko huku," Kesorn akasema. "Si tuliambiwa una kazi Bang Saen?"

"Imeahirishwa," Kamthon akasema.

"Imeahirishiwa makumbusho?"

Watu wakacheka, lakini hawakumpisha. Waliendelea kupanda, wakamzunguka, kila mmoja anamsalimia kwa viganja pamoja, wengine wanamgusa bega kama wanavyogusa nguzo ya hekalu wakipita. Kamthon alirudi nyuma hatua kwa hatua, anatabasamu, anaitikia salamu, mpaka mgongo wake ukawa karibu na ile sanamu ya shaba. Mintra alikuwa amemshika mkono. Mimi nilisimama pembeni karibu na dirisha, nikamwona anatupia jicho vyuma vya dirisha, halafu ngazi, halafu tena dirisha.

Khuang alifika mwisho, anahema. Alipomwona Kamthon amesimama chini ya Bwana Mdogo, alifuta miwani yake.

"Mnaona wenyewe," akatuambia. "Mvua haikutuleta huku bure."

"Mvua imeleta kila mtu, Mwenyekiti," Kamthon akasema. "Imeleta na wale watalii kule, na yule mama muuza mayai aliyejikinga mlangoni."

"Wale hawana shida kama aliyonayo Orathai."

Hapo Orathai akapenya mbele. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono iliyoungua kwa mvuke wa supu. Akamshika Kamthon mkono wa shati. "Kaka Kamthon, siku ya mungu bado iko mbali," akasema. "Wameniita tena jana. Siwezi kungoja. Muite tu, mara moja, aseme. Prasoet alishaniambia akiwa mzima kwamba hataki kulala na mipira puani. Lakini nikisema mimi, nitaitwa muuaji mpaka nife."

"Nani atakuita?" Kesorn akauliza, na yeye akaja akashika mkono wa pili wa shati. "Nimekuita mimi? Kamthon, usimsikilize. Mimi nataka Bwana Mdogo aseme tungoje. Yaani, aseme anachotaka, lakini najua atasema tungoje. Mtoto hawezi kusema mtu afe."

Wakawa wamemshika hivyo, huku na huku. Mintra akajaribu kuitoa mikono yao, kwanza kwa adabu. "Jamani, hii ni makumbusho. Hiyo sanamu haijafunguliwa macho, ni shaba tu. Na baba yangu yuko mapumziko."

"Binti," Khuang akamwambia kwa upole, "hayo ni mambo ya wakubwa."

Kamthon alivuta pumzi. Nilimwona anajikaza, kisha akamtazama Orathai usoni, kwa namna ambayo nadhani hakuwahi kumtazama mtu aliyemjia na shida. "Dada Orathai," akasema, "Prasoet namjua. Nimekula supu yake tangu kijana. Nilimfungia feni ile ya dukani. Kama ukiniuliza mimi, mimi Kamthon, nitakwambia ninachofikiri, na nitakwenda na wewe hospitali, nitakaa na wewe na wifi yako mpaka—"

"Sikuulizi wewe," Orathai akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyepokea simu kwamba unamtaka mwenye simu. Lakini nilimwona Kamthon kinywa kimebaki wazi, na mkono wake mmoja ukapapasa nyuma kutafuta kitu cha kushika, ukakutana na ule mguu wa shaba.

Labda ndipo hapo. Au labda ni kwa sababu Khuang alikuwa ameanza kupiga benchi kwa viganja, polepole, ule mdundo wa ngoma ya hekaluni, na wazee wetu wawili watatu wakaupokea kwa kuvuma midomo imefungwa. Sijui. Kamthon alipiga mwayo.

"Acheni," akasema. "Mwenyekiti, tafadhali, acha."

Akapiga mwayo mwingine, mrefu, mpaka machozi yakamtoka. Sisi wote tunaijua dalili hiyo. Watu wakaanza kupiga magoti kwenye ile sakafu ya mawe, na mlinzi wa ghorofa akaja mbio akisema jamani kabati za kioo, kabati za kioo. Kamthon alikuwa anamtazama binti yake. Nimewahi kumwona mtu anachukuliwa na mkondo baharini, hapigi kelele, anakutazama tu kama wewe ndiye unayekwenda mbali. Alikuwa hivyo. Mintra alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, eti amzuie, akaendelea kumwita, "Baba, nipo, baba, usiende." Kamthon akateleza mikononi mwake, akaketi chini kwa kishindo.

Alipoinua uso hakuwa yeye. Mdomo ulikuwa umebenuka, macho yamekuwa makubwa, vidole vya miguu vinachezacheza.

"Miguu yenu inanuka," akasema Bwana Mdogo, kwa ile sauti yake nyembamba.

Khuang akapiga paji la uso sakafuni. "Karibu, Bwana Mdogo. Tusamehe, hatuna peremende."

"Kwa nini hamna?"

Mtu akapata kashata kwenye mkoba, akampa. Akaila, akajilamba vidole. Orathai akasogea kwa magoti, akauliza swali lake, lote, kuanzia jikoni mumewe alipoanguka mpaka maneno ya madaktari. Bwana Mdogo alikuwa anacheza na kamba ya mfuko wake, anaizungusha kidoleni, anaifungua. Orathai alipomaliza, Bwana Mdogo bado anaizungusha. Kesorn naye akasogea, akasema ya kwake, akamalizia, "Bwana Mdogo, sema mdogo wangu angoje. Mimi ndiye niliyemlea."

Mvua tu kwenye vigae.

"Sema, Bwana Mdogo," Khuang akasema. "Azimiwe mashine au asizimiwe?"

Mdomo wa mungu ukaanza kutetemeka. Nilikuwa nimemwona Bwana Mdogo akicheka, akinuna, akitupia watu maganda ya machungwa, lakini sikuwahi kumwona akilia. Alilia kwa kwikwi, kamasi zikamtoka, machozi yanateremka kwenye mashavu yale yenye ndevu za mvi za siku mbili.

"Mbona mnaniuliza mimi?" akasema. "Mimi ni mtoto."

"Bwana Mdogo, sisi siku zote tunakuuliza."

"Kila siku mnaniuliza. Mambo ya wakubwa. Hakuna anayeniambia nikacheze."

Na yule aliyekuwa akilia akaendelea kulia, hana wa kumbembeleza, kwa sababu nani anayembembeleza mungu. Hata Mintra alikuwa ameganda.

Aliyeinuka ni Kesorn. Nadhani hakujijua anafanya nini. Aliketi sakafuni, akamvuta akampakata kichwa mapajani, mwanamume mzima na tumbo lake, akamfuta kamasi kwa ncha ya blauzi. "Basi," akawa anasema. "Basi, baba, basi. Tumekuchosha. Basi." Akawa anampigapiga mgongoni, na mwili wake Kesorn unayumba mbele na nyuma, kama mwili unaokumbuka kazi ya zamani. Kwikwi zikapungua. Mtoto akaweka kidole mdomoni, akafumba macho.

Kesorn akaendelea kumpigapiga. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Alikuwa analala hivi hivi. Prasoet. Mpaka mguu wangu unakufa ganzi ndiyo analala."

Orathai alikuwa bado amepiga magoti pale pale. Akasogea, akaukunjua mguu wa Kesorn uliokuwa umekaa vibaya chini ya ule uzito, akaanza kuukanda.

"Mipira ya puani," Kesorn akasema, "alishakuambia kweli? Au umetunga?"

"Aliniambia, wifi. Tulikuwa tunaosha masufuria."

Kesorn akaitikia kwa kichwa. "Kesho twende wote," akasema. "Lakini shati nitapiga pasi mimi."

Kamthon alizinduka akiwa bado mapajani pa Kesorn. Aliruka kama aliyeungua, akakaa, akatutazama mmoja mmoja, akajifuta mdomo wenye sukari. "Nimesema nini?" Watu walikuwa wanatazama sakafu, kama watu walioona kisichowahusu. "Mintra. Nimesema nini?"

Mintra akamweleza yote, taratibu. Kamthon akasikiliza, na alipofika pale pa kwenda kucheza, akafunika uso kwa viganja. Akauliza kwa sauti ya chini sana, "Nilikuwa mimi, au alikuwa yeye?"

"Hata mimi ndilo ninalotaka kujua," Khuang akasema, na sauti yake haikuwa na upole tena. "Maana umeniomba kuacha, na leo Bwana Mdogo anasema amechoka. Imekuja sawa sawa mno, fundi."

"Mwenyekiti, sijui. Nakuapia, sijui."

"Nani ajue sasa?"

Na mimi niliyekuwapo, niliyeona machozi na kusikia sauti, mpaka leo ukiniuliza sina jibu. Kama alikuwa mungu, basi tulikuwa tumemtesa mtoto miaka yote hiyo. Na kama alikuwa Kamthon, tulikuwa tumemtesa Kamthon. Lakini siku ile hakuna aliyelifikiri hivyo. Watu waligawanyika hapo hapo ngazini. Wengine walisema ametuchezea mchezo, wengine walisema mchezeeni mungu nyinyi, mtaona. Tulipofika chini maji yalikuwa yameingia ukumbini na viatu vyetu vinaelea. Kamthon na Mintra waliondoka kwenye mvua, peku, viatu mkononi, hawakungoja ipungue.

Prasoet alifariki wiki hiyo hiyo. Mke wake alimshika mkono mmoja na dada yake mkono mwingine, na shati lilikuwa limepigwa pasi. Kwenye msiba Kamthon alikuja mapema, akakaa na sisi wanawake kukunja karatasi za dhahabu za kuchomewa marehemu. Watu walimwogopa kidogo. Waliopita walimwinamia, halafu hawajui wamsalimie kama nani. Orathai ndiye aliyemletea chai. "Kunywa, kaka," akamwambia. "Ile feni uliyoifunga imeanza kulia. Ukipata nafasi." Kamthon akainama juu ya karatasi zake, akakunja tatu nne hivi, ndipo akasema atakuja.

Suala lake lilipelekwa mbele ya madhabahu, kwa vile vibao viwili vya mbao ambavyo hurushwa sakafuni mtu akitaka kauli ya mungu bila kiti. Kimoja kikilala na kingine kikigeuka, mungu kakubali. Vikigeuka vyote chali, mungu anacheka, na hapo hujaambiwa kitu. Khuang aliuliza kama Kamthon ameachiliwa, akarusha. Vikageuka chali. Akarusha tena, chali. Akauliza kinyume chake, kama Kamthon aendelee, akarusha. Vikaviringika mpaka chini ya meza, mtu akainama na tochi, akasema chali. Khuang akakasirika, akasema ameshauona mwelekeo, Kamthon aendelee kama kawaida. Wengine wakasema kama ni hivyo tulirusha vya nini. Kamthon alisimama nyuma karibu na mlango wakati wote huo, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa kesi yake imeahirishwa.

Sikukuu ilipokaribia alikuja kwangu asubuhi, akanunua vitumbua vya njiani. Alikuwa na begi dogo. Akaniambia anakwenda Khon Kaen kwa Mintra.

"Umeruhusiwa?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Akikupanda kwenye basi?"

"Basi watampa peremende," akasema, lakini hakucheka.

Siku ya maandamano tulikibeba kitupu kile kiti chekundu alichokuwa akikalishwa Kamthon, na kitambaa cha kifuani kimewekwa juu yake. Watu walikitazama kwa wasiwasi njia nzima. Baadhi ya vijana walikuwa wanatetemeka makusudi wakijaribu bahati, lakini hakuna aliyepandwa.

Mintra aliniambia baadaye kwamba saa ile ile baba yake alikuwa amekaa chumbani kwake, kwenye godoro, ameegemea ukuta, ameshika magoti, anasikiliza kitu ambacho hakikuja. Mchana akakubali kutoka. Wakaenda kwenye kibanda cha tambi karibu na chuo. Mtu akishakuwa kiti cha mungu, nyama ya ng'ombe ni mwiko kwake maisha yote, na Kamthon alikuwa hajaionja tangu ujana. Siku hiyo aliagiza tambi za nyama ya ng'ombe, kwa sauti kubwa kidogo, mpaka mwenye kibanda akamtazama.

Bakuli likaja, linatoa moshi. Kamthon akashika kipande cha nyama kwa vijiti, akakiinua, akakinusa, akakaa nacho hivyo. Kisha akakirudisha. Alikula tambi pembeni pembeni, akanywa mchuzi vijiko vichache, akamsogezea Mintra bakuli. Mintra akaila ile nyama yote na hakumuuliza kitu.